Shaba ya Milima ya Sohar

Wajukuu wetu waliozaliwa huku Oman hupenda kuuliza: "Kabla ya mafuta, nchi hii ilikuwa ikila nini?" Sisi tuliotoka Unguja hujibu upesi: tende, samaki, na jahazi za pwani ya Afrika. Jawabu hilo ni la kweli, lakini halijatimia. Nami kwa kuwa nimesomesha historia miaka mingi, nimeona niandike katika kitabu chetu cha mwaka huu habari za mali iliyo kongwe zaidi, nayo ni shaba ya milima ya Hajar, khasa machimbo madogo ya Lasail, Arja na Bayda, nyuma ya mji wa Sohar, upande wa Wadi Jizzi.

Nasema madogo, kwani hayalingani na ya Katanga, jimbo ambalo tangu 1971 hata 1997 liliitwa Shaba kwa neno letu la Kiswahili. Haya ya Oman ni mafungu mafungu, yamejificha katika milima mikavu isiyokaliwa na watu wengi.

Wajuzi wa miamba wanatwambia kwamba milima ile zamani ilikuwa sakafu ya bahari, yapata miaka milioni 95 iliyopita. Maji ya moto yalikuwa yakibubujika katika nyufa za sakafu hiyo, yakaacha shaba na madini mengine. Baadaye sakafu ikasukumwa ikapanda juu ya nchi kavu. Mwaka 1984 wataalamu waliandika kuwa katika mawe ya Bayda wameona mabaki ya vijumba vya minyoo ya baharini, juu mlimani!

Watu wa Iraq ya kale waliijua nchi ya Magan, ambayo wanahistoria wengi wanasema ni Oman na majirani zake. Mfalme Sargon wa Akkad, yapata miaka 2300 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa, alijisifu kuwa vyombo vya Magan vinafunga gati mjini kwake. Katika mji wa Ur vimeonekana vibao vya udongo vinavyomtaja mfanyabiashara Lu-Enlilla, aliyepewa na hekalu nguo, sufi, mafuta na ngozi akanunue shaba ya Magan. Hiyo ndiyo biashara waliyoijua babu zetu, ya kutoa nguo na kurudi na mali ya bara, ila hii iliwatangulia kwa miaka elfu nne.

Kuipata shaba kulitaka jasho. Jiwe lilipondwa, likachomwa, kisha likatiwa katika tanuri la udongo pamoja na makaa, watu wakavuta mivukuto. Shaba ikazama chini na takataka zikaelea, ndizo zinazoitwa mavi ya shaba. Tangu 1977 mtaalamu wa Kijerumani, Gerd Weisgerber, alichunguza kazi hizi, na huko Maysar akafukua kijiji kizima cha wayeyushaji. Katika karne ya 9 na ya 10, Sohar ilipokuwa bandari kubwa, kazi ilipamba moto tena, na marundo meusi ya Lasail na Arja aghlabu ni ya zama hizo. Makaa yote yalitokana na miti ya mabondeni, kama migunga iitwayo samr. Kila mkuo uliopakiwa jahazini uliacha visiki nyuma yake.

Mara ya tatu ni katika zama zetu. Kiwanda kipya cha kuyeyushia shaba kilianza kazi 1983, na machimbo ya Lasail yakafungwa 1994. Kazi ya miaka kumi na kidogo. Mawe yaliyosagwa na kukamuliwa shaba, yapata tani milioni 11, yalimwagwa katika Wadi Suq bila ya kutandikwa kitu chini. Na kwa kuwa kiwanda kilitumia maji ya bahari, chumvi ilipenya ardhini ikaharibu maji ya chini ya bonde.

Hapa ndipo ninapotaka vijana wetu wasimame kidogo. Shaba ya Magan ilikwenda Ur, ya zama za Sohar ikapakiwa vyomboni, na hii ya juzi ikauzwa. Kilichobaki nyumbani kila mara ni mavi, visiki, na safari hii kisima cha chumvi. Nchi hii maji ya falaj hugaiwa kwa saa, na mtu hurithi zamu yake kama anavyorithi shamba. Miongoni mwa watoto wetu sasa wamo mainjinia na makarani wa kampuni za madini, nasi twajivunia. Basi wakiletewa ramani ya mlima wenye shaba, waulize kwanza maji ya mlima ule yateremkia kwa nani.