Mshika Mawili

Msomaji, ukisafiri kwa barabara itokayo Embu kwenda Meru, utapita Runyenjes, mji mdogo ulio katika miteremko ya Mlima Kenya, mahali pa mashamba ya kahawa na chai. Huko, kama katika kila mji wetu wenye shule, mzazi amwonapo mwanawe akikawia kiwanjani jioni humwonya kwamba mshika mawili, moja humponyoka: aache mchezo, ashike kitabu. Je, methali hiyo yatosha kuwa hukumu? Na tuipime kwa habari za mwenzetu mmoja wa nchi hii ya Kenya.

Mike Boit alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Wanandi, magharibi ya Bonde la Ufa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, mwaka 1972, alipata medali ya shaba kwa mbio za mita 800. Waliomtangulia, Mmarekani Dave Wottle na Yevgeny Arzhanov wa Umoja wa Kisovieti, hawakumzidi hata kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Katika mita 1500 akawa wa nne.

Siku zile vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa vikiwalipia karo vijana wenye mbio, naye Boit akaingia Chuo Kikuu cha Eastern New Mexico. Akawa mwanafunzi na mkimbiaji kwa wakati mmoja, yaani aliyashika yale mawili ambayo methali yatuonya tusiyashike.

Ukafika mwaka 1976, naye ana umri wa miaka 27, nguvu zake zimetimia. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi iliyotawaliwa wakati ule kwa ubaguzi wa rangi. Kwa sababu hiyo Kenya na mataifa mengine zaidi ya 20, karibu yote ya Afrika, yakakataa kushiriki katika Olimpiki ya Montreal. Neno lao lilikuwa la haki; walakini gharama yake waliilipa vijana waliokuwa wamejitayarisha miaka minne. Huko Montreal Alberto Juantorena wa Kuba alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.50. Haukupita mwezi, Boit akakimbia mjini Berlin kwa dakika 1 na sekunde 43.57. Nani ajuaye yangalikuwaje kama wangalisimama pamoja kwenye mstari mmoja?

Mwaka 1978 alipata dhahabu ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada. Lakini mwaka 1980 Kenya ilisusia tena Olimpiki, safari hii ya Moscow, kwa sababu majeshi ya Umoja wa Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan. Hivyo mlango ule ukamfungia mara ya pili, wala hakukimbia katika Olimpiki tena.

Hapa ndipo tuirudie methali yetu. Ni kweli, moja lilimponyoka, nalo ni dhahabu ya Olimpiki. Tena halikumponyoka kwa uvivu wala kwa kusoma mno, bali kwa maamuzi yaliyokatwa mbali na uwanja. Kama angalishika hilo peke yake, angalibaki mikono mitupu. Lakini alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Stanford, kisha akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Oregon. Aliporudi Kenya alikuwa Kamishna wa Michezo, tena akawa profesa wa elimu ya mazoezi na michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, akiwafundisha vijana jinsi mwili wa mkimbiaji unavyofanya kazi.

Basi, msomaji, usiudharau uwanja, maana ndio uliomfikisha Boit chuoni. Wala usiuachie uwanja maisha yako yote, kwa kuwa hujui ni nani atakayeufunga, wala lini. Mzazi wa Runyenjes asema kweli kwamba moja huponyoka. Lililobaki ni kuuliza ni lipi utakalokuwa nalo mkononi siku hiyo.