Kiolesura cha umbizo la pikseli

Kiolesura cha umbizo la pikseli ni makubaliano kati ya programu inayochora picha na draiva ya skrini kuhusu namna rangi ya kila pikseli inavyowekwa kwenye kumbukumbu. Makubaliano yakikosewa, mara nyingi kompyuta haitoi onyo lolote: picha hutokea, lakini nyuso za watu ni za buluu, au mistari yote imelala mshazari.

Kerneli ya Linux inaonyesha vizuri jinsi muundo huu ulivyokomaa. Amri yake ya awali ya kusajili fremu ilieleza umbizo kwa namba mbili tu, kina cha rangi na idadi ya biti kwa pikseli, mathalani 24 na 32. Namba hizo hazisemi kama nyekundu inatangulia buluu, wala haziwezi kueleza picha za video, ambazo hutenga mwangaza na rangi. Toleo la 3.3, mwaka 2012, lilileta amri ya ADDFB2, inayotaja umbizo kwa msimbo wa herufi nne: XR24 kwa XRGB8888, RG16 kwa RGB565, NV12 kwa video.

Njia nyingine, iliyotumiwa na fbdev, kiolesura cha zamani cha skrini cha Linux, na viwango vya michoro vya VESA, ni kutaja biti ambamo kila rangi inaanzia na upana wake. Inavutia kwa kuwa inaweza kueleza mpangilio wowote wa aina hiyo. Tatizo ni kwamba kila programu inalazimika kujiandaa kwa mipangilio ambayo hakuna kifaa kinachoitumia. Orodha ya majina ni bora zaidi: draiva hutangaza inayoyaweza, programu huchagua, na jina lisilojulikana hukataliwa papo hapo.

Jina lenyewe halitoshi bila kanuni ya mpangilio wa baiti. Katika Linux, XRGB8888 husomwa kama namba ya biti 32 inayohifadhiwa kuanzia baiti yenye thamani ndogo zaidi. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu buluu ndiyo ya kwanza, kisha kijani, nyekundu, na mwisho baiti isiyotumika. Vulkan, kiolesura cha programu za michoro, hutaja umbizo kama hilo kwa mfuatano wa baiti, B8G8R8A8. Anayehamisha picha kati ya mifumo hii miwili kwa kufuata herufi za majina anaweza kubadilishanisha nyekundu na buluu.

Urefu wa mstari nao hutajwa peke yake, kwa baiti. Skrini ya pikseli 1366 kwa baiti 4 huhitaji baiti 5464, lakini kifaa kinachotaka vigawe vya 64 hutenga 5504. Programu ikikisia 5464, hapo ndipo mshazari unapozaliwa.

Kadi nyingi za michoro hupanga pikseli kwa vigae badala ya mistari, au huzibana. Maana ya biti za pikseli haibadiliki, ndiyo maana ni busara kwamba Linux haikuongeza jina jipya kwa kila mpangilio. Badala yake, toleo la 4.1 la mwaka 2015 liliweka kirekebishi cha biti 64: biti 8 za juu hutambulisha mtengenezaji, na 56 zilizobaki huachiwa mtengenezaji huyo. Sifuri ni mpangilio wa kawaida wa mistari. Vigae vya Intel na mbano wa AFBC wa Arm huelezwa kwa njia hii.

Kanuni za kugeuza mwangaza na rangi za video, kama BT.601 na BT.709, hazimo ndani ya umbizo. Hizo, pamoja na namna alfa (kiwango cha uwazi) inavyochanganywa, huwekwa kama sifa za tabaka la kuonyeshea, hivyo fremu ileile ya NV12 inaweza kufasiriwa kwa kanuni yoyote kati ya hizo mbili.