Bolingi na kokteli: yenye kikundi kinapaswa kupanga mbele ya kutoka sorti ya usiku

Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia wameona bolingi mu simu kwanza: picha za ndugu wenye walihamia Marekani ao Canada, wamesimama mbele ya njia yenye kung'aa, viatu vya rangi mbili mu miguu, glasi ya kokteli mu mukono. Wengine waliikuta Kampala ao Kigali, wakati wa ndoa ao safari ya biashara, siku yenye mutu alisema "leo tutoke". Neno lenyewe halina undugu na bolingo ya Lingala, hata kama masikio yanasikia vile.

Jioni ya namna ile inaweza kuwa ya furaha sana. Inaweza pia kumalizika na ugomvi juu ya fakitire, na musichana mumoja anatafuta moto peke yake saa sita ya usiku. Yenye inaamua mara nyingi ni maneno yenye yalipaswa kusemwa tangu nyumbani: nani analipa, nani hatakunywa pombe, na watu watarudi namna gani.

Muchezo wenyewe

Bolingi yenye inachezwa sana leo inatumia vinguzo 10 vya mbao, vyenye Wafaransa wanaita quilles. Vinapangwa kwa pembe tatu: kimoja mbele, kisha viwili, vitatu, na vine nyuma. Kila kinguzo kina urefu wa sentimetre 38 na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Muchezaji anasimama nyuma ya musitari na kubingirisha mupira muzito juu ya njia ya mbao. Kutoka ku musitari mpaka ku kinguzo cha kwanza ni zaidi kidogo ya metre 18.

Muchezo una duru 10, na mu kila duru mutu ana haki ya kutupa mara mbili. Akiangusha vyote ku mara ya kwanza, ni straiki: anapata 10, na juu yake wanaongeza pointi za mitupo miwili yenye kufuata. Akivimaliza ku mara ya pili, ni speya: 10 na pointi za mutupo mumoja wenye kufuata. Njo sababu mutu mwenye alikuwa wa mwisho anaweza kupita wenzake mu duru mbili tatu. Alama ya juu kabisa ni 300, ni kusema straiki 12 zenye kufuatana. Hesabu inafanywa na kompyuta fasi nyingi, na mwenye kupata 80 siku yake ya kwanza hana sababu ya kusikia haya.

Michezo ya kuangusha vinguzo ni ya zamani mu Ulaya, zaidi mu Ujerumani, na wahamiaji Wajerumani waliipeleka Marekani. Kule walikuwa wanatumia vinguzo 9. Kamari ikaingia mu muchezo, mpaka mu 1841 jimbo la Connecticut likaukataza. Watu wanapenda kusema kwamba kinguzo cha 10 kiliongezwa ili kuzunguka ile sheria. Ni hadithi ya kuchekesha, lakini ushahidi wake ni kidogo. Kanuni moja ya wote ilikuja wakati American Bowling Congress ilianzishwa New York, mu Septemba 1895. Kwa miaka mingi vijana ndio walikuwa wanakaa nyuma ya njia, wanasimamisha vinguzo kwa mikono kisha kila mutupo. Mashine yenye inafanya ile kazi ilionyeshwa mu 1946 na ikaanza kutumika mu salo za bolingi mu miaka ya 1950. Kutoka pale bolingi ikawa fasi ya familia nzima, na restora na baa pembeni.

Mbele ya kufika

Muchezaji mumoja anachukua karibu dakika 10 kwa muchezo muzima. Watu 6 ku njia moja watahitaji saa nzima, na wakicheza michezo miwili ni saa mbili. Kikundi cha watu 12 ku njia moja ni mateso: mutu anatupa, kisha anangoja mpaka anasahau kama anacheza. Afazali kuomba njia mbili, na kupiga simu siku mbili mbele, zaidi kama ni siku ya posho.

Mipira ina namba juu yake, kutoka 6 mpaka 16. Ile namba ni uzito kwa livre za Waingereza, na livre moja inapita kidogo nusu kilo ku upande wa chini: namba 6 ni kilo 2,7, namba 16 ni kilo 7 na kidogo. Vijana wanaume wanapenda kukimbilia 16 juu ya kuonyesha nguvu, na ku duru ya tano mukono unaanza kutetemeka. Mupira una matundu matatu: kidole gumba, cha katikati, na chenye kufuata kile cha katikati. Wenye kubandika makucha marefu wajue ile mbele. Kucha inaweza kubaki mu tundu. Pagne yenye kubana pia haisaidie, sababu mutu anapaswa kupiga goti. Viatu wanakodisha pale pale, lakini soksi kila mutu anakuja na zake.

Viatu vile vina chini laini yenye inateleza. Tone la kinywaji ku sakafu linatosha kukamata kiatu katikati ya mwendo, na mutu anaanguka na mupira wa kilo 5 mu mukono. Kwa hiyo glasi zinabaki ku meza, mbali na musitari. Na njia yenyewe inapakwa mafuta kisha musitari. Mwenye kupita pale anaanguka vibaya, juu ya kupoteza pointi.

Nani analipa?

Hapa njo urafiki mwingi unavunjika. Mu Kivu, mwenye kusema "kujeni tukunywe" anaeleweka kuwa ndiye mwenye kulipa. Alialika watu wane, wanakuja munane, na haiko heshima kuuliza wale wengine wametoka wapi. Ku meza ya bière moja moja, mwenye kualika anaweza kujitetea. Bolingi haisamehe. Kuko bei ya muchezo kwa kila mutu, ao bei ya njia kwa saa; kuko kukodisha viatu; na baa mara nyingi ina fakitire yake mbali.

Dawa ni kuandika neno wazi mu kikundi cha WhatsApp, siku ya kwanza: "kila mutu anajilipia", ao "fulani analipa muchezo, vinywaji kila mutu na mufuko wake". Kisha muchango unatumwa mbele, kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, ku mutu mumoja mwenye anajua kuandika majina na feza. Mwenye hajatuma mpaka kazi ine jioni hahesabiwe, na njia zinaombwa kulingana na ile idadi. Mufano tu: watu 10 wakichanga dola 15, kuko 150. Muchezo na viatu vikichukua 60, na 50 ikienda ku chakula na usafiri, kunabaki 40 ya vinywaji, ni kusema dola 4 kwa mutu. Wakati ile hesabu inaonekana mbele, hakuna mwenye anaagiza kokteli tatu za bei ya juu juu ya muchango wa wenzake.

Kuko pia jambo lenye halisemwi. Mutu mwenye hana feza hatasema hana. Atasema ana malaria. Mutunza feza mwenye akili anampigia simu mbali na kikundi, anamuuliza kama anaweza kulipa muchezo tu, ao kama mwenzake mumoja anaweza kumuongezea bila jina lake kutajwa. Likelemba nyingi za wamama ku soko zinafanya vile tangu zamani.

Kama kikundi kinavuka mupaka, noti za dola zenye kupasuka ao zenye kuandikwa juu zibaki nyumbani. Kuchenja kunafanywa muchana, haiko ku mulango wa salo saa tatu ya usiku.

Ndani ya glasi

Neno kokteli lilielezwa mu gazeti moja la Hudson, mu jimbo la New York, mu 1806: pombe kali, sukari, maji, na matone ya dawa chungu ya majani. Leo neno linabeba karibu kila muchanganyiko. Mojito, yenye asili yake ni Cuba, ni rhum, ndimu, sukari, majani ya menti na maji ya gazi.

Watu wengi wanafikiri kokteli ni nyepesi kuliko bière sababu ni tamu, ao ni kali kuliko bière sababu ndani kuko rhum. Hesabu inaonyesha kitu kingine. Chupa ya bière ya sentilitre 72 yenye asilimia 5 ina mililitre 36 za alkoli safi. Mojito yenye kupimwa muzuri, na mililitre 45 za rhum ya asilimia 40, ina 18, ni kusema nusu ya ile chupa. Lakini Long Island inachanganya pombe kali tano, mililitre 15 kila moja, na inafika karibu 30. Ladha yake ni kama chai baridi. Mutu anaimaliza kwa dakika 10, wakati ile chupa ya bière ingemuchukua saa moja ya mazungumzo. Na kama muchanganyaji anapima kwa macho, hesabu yote inapanda.

Mwili wa mutu mukubwa unaondoa karibu mililitre 8 ao 9 za alkoli kwa saa. Chupa moja kubwa inaomba basi karibu saa ine. Kahawa, maji baridi ku uso, upepo wa moto: vyote vinaamsha mutu, lakini haviondoe kitu mu damu. Mupango wenye kufaa ni kucheza kwanza, kula kisha, na kuleta glasi pamoja na chakula. Mwenye kukunywa tumbo tupu anasikia haraka zaidi.

Kanyanga na pombe zingine zenye kupikwa bila chunguzi haziingie mu kokteli, hata kama zinafichwa na juisi. Pombe kali ya njia isiyojulikana inaweza kuwa na methanoli, yenye inapofusha macho na kuua, na ulimi haiwezi kuitambua. Kinywaji kinachanganywa mbele ya macho, na glasi yenye iliachwa peke yake ku meza wakati mutu anatupa mupira haifai kurudiwa.

Wenye hawanywi, sababu ya dini, ya mimba, ya dawa ao ya kupenda kwao tu, hawapaswe kuulizwa "juu ya nini?" mara tano. Mojito bila rhum inaletwa mu glasi ile ile, na majani yale yale.

Kurudi

Saa ya kumaliza inawekwa na mwenye anakaa mbali zaidi. Kama kuko gari, mwenye kuendesha hakunywi hata kidogo, na anajulikana kwa jina tangu mbele. Kama hakuna, taksi mbili zinaombwa mapema na madereva wenye kujulikana. Moto moja inabeba mutu mumoja. Abiria wawili na motari mwenye alingojea karibu na baa ni hesabu mbaya. Musichana haachwe kuwa wa mwisho kushushwa. Kila mutu anaandika "nimefika" mu kikundi, na mutunza feza halale mbele ya kuhesabu majina yote.

Mu miji yenye usiku hauna usalama, ao yenye kuna saa za kukataza kutembea, sorti inaanza saa nane ya muchana na kumalizika jua likiwa bado. Kitambulisho kinakuwa mu mufuko, na saa ya kufunga mupaka inaulizwa asubuhi ya siku ile ile, juu inabadilika.

Bolingi ya parsele

Fasi nyingi za mashariki hakuna salo ya bolingi, ao bei yake ni ya watu wachache. Chupa 10 za plastiki za litre moja na nusu zinatosha. Muchanga unawekwa vidole vitatu ndani ya kila moja, ili upepo usiziangushe. Zinapangwa kwa pembe tatu, sentimetre 30 kati ya chupa na chupa, na musitari unachorwa kwa chokaa metre 7 ao 8 mbali. Mupira wa kabumbu unafaa. Mwanafunzi mumoja anashika daftari na kuhesabu straiki na speya. Ni kazi yenye inamufundisha hesabu bila yeye kujua. Kikundi kinagawanyika mu timu mbili, na timu yenye kushindwa inaosha glasi.

Kwa kunywa, juisi ya marakuja na ya nanasi kwa kipimo kimoja, ndimu mbili, tangawizi yenye kusagwa, sukari kidogo na maji baridi yenye yalichemshwa. Rhum, kama iko, inabaki mu chupa yake pembeni, na mwenye kutaka anapimiwa vijiko vitatu vya supu, yenye ni zile mililitre 45 za mojito. Mwenye bado mutoto anatumia glasi ya rangi ingine.

Majirani wanaambiwa siku moja mbele, na muziki unazimwa saa yenye walikubaliana. Na kama kuko kilio ku avenue, chupa zinangoja siku ya posho ingine.