Diski inapogoma katika Linux: Okoa data kwanza, ukarabati baadaye

DALILI ya mvua ni mawingu, na diski ya tarakilishi nayo aghalabu hutoa ishara kabla ya kuzimika kabisa. Faili iliyokuwa ikifunguka mara moja huchukua dakika nzima, mashine hukwama bila sababu, au mfumo hukataa kuhifadhi chochote kipya.

Wanaotumia Linux, mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, wana zana za kutosha za kuchunguza hitilafu hizo bila malipo. Hata hivyo, zana hizo hizo zikitumiwa bila mpango huweza kuangamiza data ambayo ingali inaweza kuokolewa.

Kanuni ya kwanza ni kuacha kuandika chochote kwenye diski inayoshukiwa. Mara nyingi Linux yenyewe hutangulia kuchukua hatua hiyo: mfumo wa faili wa ext4 ukipangwa hivyo, hujigeuza kuwa wa kusomwa tu pindi unapogundua kosa. Hilo ni onyo, na mtumiaji hapaswi kuulazimisha mfumo ukubali kuandikwa tena.

Hatua ya pili ni kusoma ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwa amri ya dmesg. Maneno "I/O error" yakiandamana na jina kama sda au sdb humaanisha kwamba kerneli iliomba data kutoka kwa diski hiyo ikakosa kujibiwa ipasavyo.

Lakini si kila kosa la aina hii hutokana na diski. Kebo iliyolegea au umeme usiotosha huleta ujumbe unaofanana na huo. Ili kutofautisha, hutumiwa amri ya smartctl, iliyomo katika programu za smartmontools, kwa mfano smartctl -a /dev/sda. Amri hiyo husoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake.

Katika diski nyingi za SATA zenye sahani zinazozunguka, mistari minne ndiyo ya kutazamwa. Mstari wa 5 huonyesha idadi ya sekta, yaani vipande vidogo vya diski, ambazo zimeharibika na nafasi yake kuchukuliwa na za akiba. Wa 197 huhesabu sekta zilizoshindwa kusomeka na ambazo hatima yake haijaamuliwa, na wa 198 zile zilizokataa kusomeka diski ilipojikagua. Hesabu hizi zikiongezeka siku baada ya siku, diski inaelekea kufa.

Mstari wa 199 una habari tofauti. Huo huhesabu makosa yanayotokea data ikiwa njiani kati ya diski na bodi kuu. Ukiongezeka huku ile mingine ikibaki sufuri, inafaa kebo ibadilishwe kwanza. Hesabu hiyo hairudi sufuri baada ya kebo mpya kuwekwa. La muhimu ni kwamba ikome kupanda.

Wengi hunaswa na neno "PASSED" ambalo smartctl hulitoa kama hukumu ya jumla. Neno hilo si hakikisho la uzima. Utafiti wa wahandisi wa Google uliotolewa mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya diski zilizoharibika hazikuwa zimetoa hata moja kati ya ishara nne kuu za kumbukumbu hizo.

Hitilafu ikithibitishwa kuwa ya diski, kinachofuata ni kuinakili yote kwenye diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Ikiwa diski mbovu ndiyo inayobeba mfumo, tarakilishi huwashwa kwa Linux iliyo kwenye flashi. Kisha hutumiwa GNU ddrescue, kwa mfano ddrescue -f /dev/sdb /dev/sdc ramani.

Programu hiyo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha huzirudia zilizo ngumu. Faili ya ramani, ambayo huhifadhiwa kwenye diski nzima, huiwezesha kuendelea ilipoachia kazi ikikatizwa. Diski mbovu hutajwa kwanza na inayopokea nakala hufuata. Atakayegeuza mpangilio huo atafuta kila anachotaka kuokoa. Ni lazima basi kuhakikisha majina kwa amri ya lsblk kabla ya kuanza.

Ni baada ya hapo tu ambapo fsck, amri ya kurekebisha mfumo wa faili, inapotumiwa, tena juu ya nakala na wakati haitumiki. Kuiendesha juu ya diski inayokufa ni kuibebesha mgonjwa mzigo: huandika mabadiliko palepale panapoharibika.

Diski ikitoa mlio wa kugonga-gonga, inafaa kuzimwa mara moja, kwani huenda vichwa vya kusomea vimeharibika na kila mzunguko huzidi kukwaruza sahani. Hapo kazi ni ya wataalamu wa maabara, na gharama yake huwa kubwa.

Aliye na nakala ya akiba mahali pengine hahitaji hata moja kati ya hatua hizo za uokoaji. Atanunua diski mpya na kurejesha faili zake. Tahadhari kabla ya hatari.