Miaka 75 ya Daftari la Boran

Tangu reli ilipofika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, mji huu umekuwa ukila nyama ya mbali. Wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière walihitaji posho yenye nyama, na ng'ombe wakaswagwa kutoka Barotseland, katika Zambia ya leo, mpaka homa ya mapafu ya ng'ombe ilipozuka huko mwaka 1915 na njia hiyo ikafungwa. Mwaka 1925 ikaundwa Elakat, kampuni ya ufugaji na chakula ya Katanga. Makundi yalifugwa, na nyanda za juu za Biano zilionyesha kwamba nchi hii ina malisho ya kutosha. Hata hivyo, nyama iliyogandishwa bado inaingia kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa.

Ndiyo maana maadhimisho ya chama kimoja cha Kenya yanatuhusu. Chama cha Wafugaji wa Ng'ombe wa Boran kilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 2026 kinatimiza miaka 75. Kazi yake inaelezeka kwa maneno machache: kuhakikisha kwamba ng'ombe anayeitwa Boran ni Boran kweli, na kwamba baba yake, mama yake na babu zake wameandikwa.

Ng'ombe mwenyewe ni mkongwe kuliko chama. Asili yake ni nyanda za Borana, kusini mwa Ethiopia, mikononi mwa Waoromo wa Borana. Kwa karne nyingi walichagua majike yanayoweza kutembea siku mbili au tatu bila maji na bado yakanyonyesha. Kutoka huko alienea hadi Somalia na kaskazini mwa Kenya. Walowezi wa Laikipia walimnunua mwanzoni mwa karne ya 20, lakini hawakumthamini vya kutosha. Walipandisha majike hayo kwa madume ya Ulaya, Shorthorn na Hereford, wakitaka miili mikubwa haraka. Vizazi vya kwanza viliwafurahisha. Kadiri damu ya Ulaya ilivyozidi, ndivyo jua, kupe na ndigana kali vilivyowamaliza wanyama. Baadhi ya wafugaji wakarudi kwa madume ya Boran, wakaanza kuchagua ndani ya mbegu yenyewe. Uamuzi huo ndio uliozaa chama.

Kitabu cha nasaba cha Kenya kilikuwapo tangu 1920. Chama cha 1951 kiliongeza jicho la pamoja: mfugaji hawezi kujiamulia peke yake kwamba dume lake linafaa kuwa la mbegu. Mkaguzi humsogelea mnyama zizini. Hutazama nundu, kwato, mgongo na mwendo. Kwa jike hutazama kiwele na chuchu, kwa sababu chuchu nene kupita kiasi humshinda ndama mchanga. Hutazama pia tabia, maana dume kali ni hatari kwa mchungaji. Na ngozi: ya Boran ni legevu, nyeusi chini ya manyoya mafupi, na inzi akitua, hutetemeka palepale mpaka inzi aruke. Jambo dogo, lakini katika nchi ya kupe na inzi lina thamani kubwa.

Baada ya macho huja maandishi. Ndama anazaliwa akiwa na kilo 25 hivi, na udogo huo ni neema, kwani mama huzaa bila msaada usiku porini. Hupimwa tena anapoachishwa ziwa. Jike asiyeshika mimba huondolewa hata akiwa mzuri wa kutazamwa. Kwa uchaguzi wa namna hii, miaka nenda miaka rudi, dume lililoboreshwa linaweza kufika kilo 500 hadi 850 kwa kula majani tu, na majike mengi huendelea kuzaa yakiwa na zaidi ya miaka 12.

Kazi hiyo hudai maisha ya mtu. Mlowezi Will Powys aliingia Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanawe, Gilfrid Powys, alifuga Boran katika shamba la Suyian, Laikipia, akawa miongoni mwa wafugaji waliojulikana zaidi wa mbegu hiyo. Aliipenda nyika yenyewe pia: mshubiri mmoja wa Kenya, Aloe powysiorum, unabeba jina la ukoo wake. Aliuawa na tembo Desemba 2017.

Majina ya wachungaji Wasamburu, Waturkana na Waborana hayamo katika vitabu vya nasaba, ingawa wao ndio wanaomtambua kila jike kwa sura na kujua ndama wa nani amelala wapi. Historia kamili ya chama hiki itakuwa imeandikwa siku majina hayo yatakapoingizwa. Baada ya uhuru, mbegu haikubaki mikononi mwa walowezi peke yao: Shirika la Maendeleo ya Kilimo la Kenya linatunza kundi la Boran huko Mutara, Laikipia.

Kisha Boran akasafiri. Miaka ya 1970 alifika Zambia, jirani yetu. Viinitete vyake vilipelekwa Australia, Zimbabwe na Afrika Kusini, ambako wafugaji waliunda chama chao mwaka 2003. Hata Marekani, kituo cha utafiti cha Clay Center, Nebraska, kilimjaribu miaka ya 1990.

Kwa Katanga swali kubwa ni mbung'o, maana misitu ya miombo imebeba nagana, ugonjwa unaoenezwa na inzi huyo, tangu zamani. Dhidi ya nagana, Boran wa kawaida hana kinga ya kutegemewa. Lakini Boran wa Waorma, kutoka mto Tana, walionekana kuuvumilia ugonjwa huo vizuri zaidi walipochunguzwa katika shamba la Galana. Huko Nairobi, watafiti walipandisha madume ya N'Dama wa Afrika Magharibi kwa majike ya Boran, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kwamba Boran naye alichangia baadhi ya urithi wa uvumilivu. Urithi huo usingefuatiliwa kama nasaba za wanyama wale zisingejulikana.

Haut-Katanga ina malisho, ina soko lisiloshiba, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo. Kinachokosekana ni daftari la pamoja. Wafugaji wa Kipushi, Sakania na Kasenga wakae na kitivo hicho, wakubaliane alama ya sikio, wapime ndama siku ya kuzaliwa na siku ya kuachishwa ziwa, na waandike mama na baba wa kila mmoja. Wasingoje fedha za kuagiza madume ya kigeni. Waanze na majike waliyo nayo zizini, msimu huu wa kuzaa.