Deni Dogo Mbele ya Mahakama

Mahakama ya madai madogo huundwa ili anayedai fedha chache aweze kushtaki bila kugharimika kuliko kiasi anachodai. Ya Kenya ilifunguliwa rasmi Milimani, Nairobi, tarehe 26 Aprili 2021, miaka mitano baada ya Bunge kupitisha sheria yake. Tatizo lililoileta, hata hivyo, ni la karne nyingi. Gharama ya kudai inapolipita deni, mdaiwa mkaidi hana haja ya utetezi wowote. Anahitaji muda tu, mpaka mdai achoke.

Mfano wa zamani wenye kumbukumbu nzuri ni wa London. Mwaka 1518 baraza la jiji hilo lilianzisha mahakama ya pekee ya madeni yasiyozidi shilingi 40 za wakati ule. Waamuzi walitoka miongoni mwa wenyeji wa jiji, wengi wao wafanyabiashara, wala hawakuwa wanasheria. Mdai na mdaiwa walisimama wenyewe, wakaulizwa, na uamuzi ukatolewa papo hapo, mara nyingi ukimruhusu mdaiwa kulipa kidogo kidogo. Katika karne ya 18 miji mingine ya Uingereza iliomba ruhusa ya Bunge kuwa na mahakama kama hizo. Birmingham ilipata yake mwaka 1752, na muuza vitabu William Hutton, aliyekuwa mwamuzi huko kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1787 kitabu kizima kuhusu kesi zilizopita mbele yake.

Wepesi huo ulikuwa na upande wake mchungu. Waamuzi walikuwa wenye maduka, na wadai wengi walikuwa wenye maduka vilevile. Aliyeshindwa kulipa aliweza kufungwa gerezani kwa deni ambalo tajiri asingelikumbuka hata siku moja. Lawama zikaongezeka, na mwaka 1846 Bunge likaleta mahakama za kaunti zenye majaji waliosomea sheria, zikiwa na uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi pauni 20. Haki ilipata mwenendo ulio rasmi zaidi, lakini polepole mlango uliokusudiwa mtu wa kawaida ukawa njia ya makampuni kukusanyia madeni ya wateja wao. Kiwango cha fedha kilipanda, mawakili wakaingia, na mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu akabaki nje. Ripoti iliyotolewa Uingereza mwaka 1970 ilionyesha wazi kwamba wanaoshtaki ni wafanyabiashara na wanaoshtakiwa ni wananchi. Mwaka 1973 ukaanzishwa utaratibu mwepesi wa madai yasiyozidi pauni 75. Marekani ilikuwa imetangulia: mji wa Cleveland ulikuwa na kitengo cha usuluhishi wa madai madogo ndani ya mahakama yake tangu 1913.

Kenya ilirithi sheria ya Kiingereza bila kurithi mahakama hiyo ya wadogo. Pwani, ambako himaya ya Sultani wa Zanzibar ilikodishwa kwa Waingereza mwaka 1895, madeni ya Waislamu yaliendelea kupelekwa kwa kadhi na liwali. Bara, mabaraza ya wazee yalisikiliza madai ya mbuzi, mahari na mazao, na lengo lao kubwa lilikuwa pande mbili zirudi kuishi pamoja. Serikali ya kikoloni iliyaweka mabaraza hayo chini ya sheria ya 1930, kisha ikayageuza kuwa mahakama za Waafrika kwa sheria ya 1951. Juu yake zilikaa mahakama zilizofuata sheria ya mwenendo wa kesi za madai ya 1924, iliyochukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka India. Humo ndimo zilimokuwa hati zenye vifungu, viapo, na tarehe za kutajwa kwa kesi zisizokwisha.

Kati ya ngazi hizo mbili palikuwa na sheria moja iliyoacha alama kubwa katika biashara ya Waafrika. Tangu 1903 serikali iliwekea mipaka mikopo ambayo wafanyabiashara wasio Waafrika waliwapa Waafrika. Katika sura yake ya mwaka 1948, deni la zaidi ya shilingi 200 halikuweza kudaiwa mahakamani isipokuwa mapatano yameandikwa na kushuhudiwa na ofisa wa serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumlinda Mwafrika asinaswe na wakopeshaji. Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mwenye duka la jumla aliyejua kwamba mahakama haitamsikiliza hakumkopesha mwenye kioski mzigo wa shilingi 500. Alitaka taslimu, na asiye na taslimu alibaki mdogo. Ulinzi huo ulimkinga mdaiwa kwa kumnyima nafasi ya kukopa. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1960, uhuru ukikaribia.

Baada ya uhuru, mwaka 1967, mahakama za Waafrika zilifutwa na kazi zake kuingizwa katika mahakama za mahakimu nchi nzima. Ubaguzi wa ngazi ukaisha, ila mwenendo uliobaki ni ule rasmi. Tanzania ilifuata njia nyingine: Mahakama za Mwanzo, zilizowekwa kwa sheria ya 1963, ziliendeshwa kwa Kiswahili, hakimu akikaa na washauri, na kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama humo. Fundi wa Morogoro aliyedai ujira wake alikuwa na pa kwenda bila wakili. Mwenzake wa Thika aliingia foleni moja na mabenki.

Katiba ya Kenya ya 2010 ndiyo iliyofungua njia. Ibara ya 48 inataka ada za mahakama zisiwe kizuizi cha haki, na ibara ya 159 inataka kesi zisicheleweshwe wala zisiangushwe kwa sababu ya kasoro ndogo za utaratibu. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ikafuata mwaka 2016. Kikomo chake cha kwanza kilikuwa shilingi 200,000, na kabla mahakama haijasikiliza kesi hata moja kikapandishwa, mwaka 2020, hadi shilingi milioni moja. Kwa wengi wa wanaoitumia, milioni moja si dai dogo hata kidogo.

Mahakama hiyo husikiliza madai ya bidhaa zilizouzwa na huduma zilizotolewa, fedha zilizopokewa kwa niaba ya mwingine, mali iliyoharibiwa, na fidia ya majeraha. Kashfa, umiliki wa ardhi na migogoro ya kazi haviingii. Mwamuzi ni wakili mwenye uzoefu wa angalau miaka mitatu. Mdai anaweza kujisimamia, na mwamuzi hafungwi na kanuni zote za ushahidi. Fundi aliyetengeneza meza kumi za mkahawa na kulipwa nusu anaweza kuleta daftari lake, ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kwanza, na mazungumzo ya simu ambamo mteja anaahidi kumalizia mwisho wa mwezi. Kesi inapaswa kusikilizwa mfululizo na hukumu kutolewa ndani ya siku 60 tangu dai lilipofunguliwa. Rufaa huenda Mahakama Kuu, kwa hoja za sheria pekee. Siku hizo 60 zenyewe zimezua ubishi: baadhi ya majaji wa Mahakama Kuu wamesema hukumu iliyochelewa ni batili, wengine wamekataa, wakiona si haki mdai aadhibiwe kwa uzembe wa mahakama.

Baada ya Milimani, mahakama kama hizo zilifunguliwa katika miji mingine, ikiwemo Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Pamoja na wepesi wake, siku 60 huhesabiwa hadi hukumu, si hadi malipo. Mdaiwa asipolipa kwa hiari, mdai hurudi kuomba amri ya kukazia hukumu. Dalali mwenye leseni huja kuandika orodha ya mali, kisha humpa mdaiwa siku saba za kukomboa kabla ya kuibeba na kuipiga mnada. Sheria inamkataza kugusa sufuria, vitanda na matandiko ya familia, na vifaa ambavyo mdaiwa hujipatia riziki kwavyo. Mdaiwa mwenye uwezo anayekataa kulipa anaweza kufungwa kifungo cha madai kisichozidi miezi 6, na gharama ya kumlisha gerezani hulipwa na mdai.