Kompyuta ya Muvi Isiyo na Kelele: Vile Utajipanga na Ngiri 25 Keja Isigeuke Posho Mili

Kama unaishi bedsita, unajua vile mambo huenda. Kitanda, jiko na TV ziko chumba kimoja, na mtu mmoja akikohoa wote wanaamka. Sasa weka hapo kompyuta ya mtumba inayonguruma usiku kucha, halafu uniambie kama utalala.

Mimi hii maneno nilijifunza vibaya. Nilibeba CPU kubwa kutoka tao juu ilikuwa bei ya kutupa. Wakati huo nilikuwa nakaa na bro yangu, soja wa usiku, mtu wa kulala mchana. Siku ya kwanza niliwasha muvi saa nne asubuhi, na dakika mbili hazikuisha kabla feni ianze kelele kama posho mili ya soko. Bro hakuniongelesha. Aliamka, akachomoa waya kwa ukuta, akarudi kulala. Wiki nzima tuliongea kwa salamu tu.

Ukiwa na chumba kimoja, kimya si starehe ya matajiri. Ndiyo hufanya watu wawili waendelee kukaa pamoja bila noma. Na habari njema ni kwamba haihitaji doo mingi. Inahitaji ujue kelele hutoka wapi.

KELELE NI JOTO

Shika hii moja na utakuwa umeelewa nusu ya kazi. Kompyuta haingurumi juu ni nzee. Inanguruma juu imepata joto na feni inakimbia kulitoa. Punguza joto, feni itatulia yenyewe.

Na muvi huleta joto kivipi? Kila video imefinywa kwa njia fulani ili faili isikuwe kubwa. Njia hiyo huitwa kodeki. Za kawaida ni H.264, HEVC (pia huitwa H.265), VP9 na AV1. Kama prosesa yako iko na sehemu maalum ya kufungua kodeki hiyo, kazi inaisha bila jasho. Kama haina, prosesa nzima inaingia kazi kwa nguvu zote, joto linapanda, na feni inaanza kulia. Hiyo CPU yangu ilikuwa ya kizazi cha 4 cha Intel. H.264 ilikuwa inafungua poa, lakini faili yangu ilikuwa HEVC. Hapo ndipo bro alichomoa waya.

Kwa hivyo usipoteze pesa kwa RAM ya kuringa nayo. Weka pesa kwa kizazi cha prosesa.

SOMA JINA LA PROSESA KAMA MENYU

Chukua mfano wa Core i5-7500T. Hiyo 7 ya kwanza ndiyo kizazi. Hiyo T ya mwisho inamaanisha ni ya kutumia umeme kidogo, wati 35, wakati i5-7500 ya kawaida ni wati 65. Kwa kimya, T ndiyo rafiki yako.

Kizazi cha 6 kinafungua HEVC ya kawaida. Kizazi cha 7 kinaongeza HEVC na VP9 za biti 10, ambazo ndizo utapata kwa faili nyingi za 4K. Kwa bajeti yetu, lenga kizazi cha 7. AV1 ilianza kufunguliwa na prosesa za Intel kwenye kizazi cha 11, na hizo bado zitakukula mfuko.

Kitu kingine wauzaji hawakuambii: i3 ya kizazi cha 7 inacheza muvi sawa kabisa na i7 ya kizazi hicho, juu sehemu ya kufungua video ni ileile. Muuzaji akikupandishia bei na "hii ni i7 buda", mwambie asante, wewe unataka tu kutazama muvi.

MASHINE YA KUTAFUTA

Sahau CPU kubwa. Tafuta zile ndogo za ofisi zinazoingia nchini kama ex-UK. Majina ni matatu: HP EliteDesk 800 G3 Mini, Dell OptiPlex 3050 Micro na Lenovo ThinkCentre M710q Tiny. Kila moja ni kama sentimita 18 kwa 18, na unene haufiki sentimita 4. Inatoshea kando ya TV bila mgeni kuiona.

Kwa nini hizi? Umeme wake unatoka kwa chaja ya nje, kama ya laptopu. CPU kubwa huwa na feni ya prosesa na feni nyingine ndani ya kisanduku cha umeme. Hizi ndogo hazina hiyo ya pili, kwa hivyo umeshatoa chanzo kimoja cha kelele kabla hata uanze. Na kwa kuwa Uingereza wanatumia plagi ya miguu mitatu kama yetu, hutahitaji adapta ya ukutani.

Ukienda Luthuli ama Moi Avenue, usilipe kabla ya kufanya haya:

1. Iwashe na uingie BIOS. Ikiuliza paswadi, achana nayo. Nyingi zilikuwa za makampuni na zingine huja zimefungwa.
2. Angalia jina la prosesa kwa skrini, si kwa stika. Stika hubandikwa na mtu yeyote.
3. Hakikisha chaja ni ya mashine hiyo, na ni ya wati 65.
4. Uliza kama iko na kadi ya Wi-Fi ndani. Nyingi hazina.
5. Tazama nyuma. Zingine ziko na DisplayPort na VGA bila HDMI. VGA haibebi sauti, kwa hivyo utahitaji adapta ya DisplayPort kwenda HDMI. TV yako ikiwa ya 4K, chukua adapta iliyoandikwa 4K 60Hz.
6. Iache iwake dakika kumi, halafu uweke sikio karibu. Tao iko na kelele, kwa hivyo usitafute kimya. Tafuta mkwaruzo. Feni inayokwaruza imeisha.
7. Chukua risiti iliyo na siri namba na muda wa waranti. Bila risiti, mashine ikileta ngori kesho ni yako peke yako.

MGAO WA NGIRI 25

Bei hupanda na kushuka, kwa hivyo chukua huu kama mpango tu, usiushike kama sheria:

Mashine: 17,000
SSD ya kuweka mfumo: 2,500
Waya ya HDMI na adapta: 1,500
Kibodi ndogo isiyo na waya: 1,500
Pesti ya prosesa, alkoholi na brashi: 800
Akiba ya mambo ya ghafla: 1,700

Mashine ikija na SSD tayari, hiyo 2,500 weka kwa hadi diski ya nje ya muvi. RAM ya GB 8 inatosha, na hata GB 4 itasukuma kama kazi ni kucheza muvi pekee.

SIKU YA KUUA KELELE

Mashine imefika keja. Usiiwashe bado. Chomoa chaja, bonyeza swichi ya kuwasha kwa sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe, halafu uifungue.

Vumbi kwanza. Hii mashine ilikaa miaka chini ya dawati la mtu. Tumia brashi laini ya rangi, na ushike mabawa ya feni kwa kidole yasizunguke. Ukipuliza feni izunguke kwa kasi, unaweza kuiharibu.

Pili, pesti. Kati ya prosesa na chuma cha kunyonya joto kuna pesti ambayo hukauka na miaka. Fungua chuma, pangusa ile ya zamani na alkoholi, weka tone jipya la ukubwa wa punje ya ndengu, rudisha chuma na ufunge skrubu kwa zamu. Hii kazi ya dakika ishirini ndiyo inaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kitu chochote utakachonunua.

Tatu, toa hadi diski ya kuzunguka na uweke SSD. SSD haina kitu kinachosonga ndani, kwa hivyo haina sauti wala mtetemo.

Nne, ingia BIOS. Kwa Lenovo ThinkCentre tafuta ICE, kisha uchague Better Acoustic Performance. Kama BIOS yako inakubali kuzima Turbo Boost, izime. Muvi haihitaji mbio hizo, na joto litashuka.

Tano, mtetemo. Mashine ikikaa juu ya meza ya mbao, meza yenyewe inageuka spika. Kata vipande vinne vya patipati iliyoisha, weka chini ya pembe zake. Sijawahi kuona kifaa cha bei rahisi kuliko hicho.

Mwisho, usiifungie ndani ya kabati la TV ili kuficha sauti. Itapumua hewa yake yenyewe ya moto na feni italia zaidi. Iachie nafasi ya mkono pande zote.

KODI ISIYOLIPISHWA KODI

Sasa mfumo. Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na karibu prosesa zote za kizazi cha 7 hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Usilie. Linux ni bure na inapenda mashine hizi.

Kama unataka mashine ya muvi pekee, weka LibreELEC. Unaiandika kwa fleshi, unawasha nayo, na ukishaiweka inaingia moja kwa moja kwa Kodi, ile programu ya kupanga muvi, siri na miziki kwa skrini kubwa. Ilianza 2002 kama kitu cha Xbox, ikapewa jina Kodi mwaka wa 2014. Ndiyo, Kodi, na haulipishwi kodi. Lakini jua kwamba Kodi haiji na muvi ndani. Inacheza zile uko nazo.

Kama unataka pia YouTube, Netflix na kazi ya CV, weka Linux Mint na Firefox, halafu uongeze Kodi ama VLC. Usitarajie Netflix ya 4K hapo. Na kwa YouTube kuna mtego: inaweza kukuletea AV1, ambayo kizazi cha 7 hakina sehemu yake, na feni itarudi kwa kelele zake. Kwa Firefox, andika about:config kwa sehemu ya anwani, tafuta media.av1.enabled na uigeuze iwe false. YouTube itakupa VP9 na utatulia.

Remoti? Tumia simu. Programu ya Kore kwa Android inaongoza Kodi bila malipo, mradi simu na kompyuta ziko kwa Wi-Fi moja.

Muvi ya masaa mawili ya 1080p kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni kama GB 4.5. Hadi diski ya TB 1 inabeba zaidi ya 200. Diski ya nje hutetemeka kidogo, kwa hivyo ilaze juu ya kipande cha sponji.

NA TOKENI JE?

Mashine ya aina hii ikicheza muvi, chukulia inakula kama wati 15. Masaa tano kila siku ni uniti 2.25 kwa mwezi. Hata ukihesabu uniti kwa shilingi 30, haufiki 70 bob. TV ndiyo itakukula zaidi.

NANI ASIJISUMBUE?

Tuseme ukweli. Kama unachotaka ni YouTube na Netflix tu na TV yako ni smati tayari, usitoe hizo ngiri 25. Hii mashine ni ya mtu aliye na muvi zake, anayechoka na TV inayokataa faili za HEVC, ama anayetaka kompyuta ya kazi mchana na sinema usiku.

JARIBIO LA SAA SABA USIKU

Ukimaliza, usipime mchana. Ngoja saa saba usiku, mtaa ukilala. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za ndani ya chumba cha kulala zisipite desibeli 30 usiku ili mtu alale vizuri. Na kila desibeli 10 ukiongeza, sikio linasikia kama kelele imerudufu. App ya simu itakupa makadirio, lakini kipimo cha kweli ni rahisi. Weka muvi, punguza sauti hadi mwisho, lala kwa kitanda chako. Ukisikia mbwa wa ploti ya pili kabla usikie kompyuta, umeshinda.

Mimi kipimo changu kilikuwa bro. Nilipomaliza kuunda hii ndogo, niliwasha muvi saa nne asubuhi, nikavaa vichwa vya sauti na kumwangalia. Akageuka upande wa pili, akavuta blanketi na kuendelea kukoroma. Kelele pekee keja nzima ilikuwa yake.